Umepangiwa darasa la awali? Nunua daftari kwanza

Kila Januari hunijia walimu wapya wawili watatu, na karibu wote huanza kwa maneno yale yale: "Mwalimu, mimi napenda sana watoto." Nawaitikia, karibuni. Kisha nauliza: "Leo asubuhi umepokea watoto wangapi?" Hapo macho huanza kutafuta dirisha. Mmoja aliwahi kunijibu, "Wengi tu, mwalimu."

Kupenda watoto ni vizuri, lakini bibi zao wanawapenda, shangazi zao wanawapenda, na muuza ashkrimu wa getini anawapenda kuliko sote. Mwalimu analipwa kwa sababu anajua saa hii nani yuko wapi, ameona nini kwa mtoto huyo, amekiandika wapi, na kama kuna mtu wa kuambiwa, ni nani.

Nimefundisha watoto wadogo hapa Tanga tangu 2006. Miaka miwili ya mwanzo sikuwa na cheti chochote. Nilikuwa na baraza la nyumba ya mtu, mkeka, ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi na watoto thelathini na ushee. Watu walikuwa wakisema "shule ya vidudu", na mwalimu wa vidudu alikuwa yule msichana aliyefeli kidato cha nne akakosa la kufanya. Msichana huyo ni mimi. Baadaye nilikwenda chuo, nikaajiriwa shule ya msingi yenye darasa la awali, na siku hizi nusu ya kazi yangu ni kukaa nyuma ya madarasa ya wenzangu nikitazama. Haya ni mambo ambayo ningeshukuru kuambiwa mwaka ule.

Ujue umeingilia mlango upi

Kwetu Tanzania Bara kuna milango miwili, na wengi hawajui wameingilia upi. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, hivi tunavyoviita "dei kea", husajiliwa upande wa ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Darasa la awali lililo ndani ya shule ni la upande wa elimu. Mwenye kituo akitaka kukuajiri, muombe kwa adabu akuonyeshe cheti cha usajili kabla hujashika chaki. Akikasirika, umeshapata jibu. Siku afisa akija ghafla, wewe ndiye utakayekutwa na watoto, mwenye kituo atakuwa "yuko njiani".

Na maafisa hawaji na maswali yale yale. Wa ustawi hutazama choo, uzio, maji, wanapolala watoto na idadi ya walezi. Mthibiti ubora wa shule, yule wa upande wa elimu, atataka azimio la kazi (mpango wa muhula), andalio la somo (mpango wa kipindi) na shajara ya uliyofundisha, kisha atakaa nyuma asikilize unavyozungumza na watoto. Tangu Desemba 2021 kuna programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile inayofupishwa MMMAM, ambayo inataka afya, lishe, ulinzi na elimu zizungumze pamoja. Mimi nimeitafsiri kwa njia yangu: nina namba ya nesi wa zahanati iliyo karibu na namba ya afisa ustawi wa kata, na wote wawili wananijua kwa sura.

Mtaala usome mwenyewe, usisimuliwe. Ule wa 2016 ulitaja umahiri mkuu sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na stadi za awali za kihisabati. Umeboreshwa, na sisi wa awali tulianza kutumia ulioboreshwa Januari 2024. Upitie wote, kisha unionyeshe mahali palipoandikwa kwamba mtoto wa miaka mitano apewe mtihani wa kurasa tatu. Nakusubiri.

(Ukiwa Kenya, chekechea iko mikononi mwa kaunti kwa mujibu wa katiba ya 2010, na madarasa yenu ni PP1 na PP2, yaani awali ya kwanza na ya pili. Makaratasi yatatofautiana. Yanayofuata hayatofautiani sana.)

Mlangoni

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanyia mlangoni, mwaka 2007. Saa sita mchana alikuja kijana mmoja, nadhifu, akanisalimia vizuri. "Nimemfuata mtoto, mimi baba yake mdogo." Mtoto alimwona akamkimbilia, akamrukia. Nikasema haya, nendeni salama. Saa saba akaja mama yake.

Kijana yule alikuwa baba mdogo kweli. Ila baba na mama walikuwa wameachana, na upande wa baba walikuwa wameshapanga mtoto akakae Lushoto. Tuliwakuta stendi saa kumi na moja jioni, tiketi ikiwa mfukoni, mtoto anakula mhogo wa kukaanga, hana habari. Mama yule hakunitukana. Alimbeba mwanawe akaondoka, na kesho yake hakumleta tena. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo nina daftari la mlangoni, na kila mwalimu ninayemsimamia analo. Lina jina la mtoto, saa aliyofika, aliyemleta, atakayemchukua, na namba mbili za simu. Wanaoruhusiwa kumchukua huandikwa na mzazi mwenyewe siku ya kuandikisha. Akija mtu asiyekuwemo, hata akiwa na sura ya mtoto mtupu, unampigia mzazi kwa namba iliyo kwenye daftari. Namba anayokupa yule aliyesimama mbele yako haifai, maana anaweza kuwa amempa simu mwenzake aliyejificha nyuma ya duka. Na mtoto kumkimbilia mtu si ruhusa.

Asubuhi mlangoni usipokee mkoba tu. Piga goti, macho yako yawe sawa na yake, msalimie kwa jina, na huku mkono wako unapita kwenye paji la uso. Ana joto? Macho mekundu? Ana mkwaruzo? Ukiuona, uandike hapo hapo mzazi akiwepo: "Amefika na mkwaruzo shavu la kushoto, mama anasema alianguka ngazini." Mstari huo mmoja utakuokoa saa saba mchana, na siku nyingine utamwokoa mtoto, nitaeleza huko mbele. Dawa usipokee wala usimnyweshe mtoto bila maandishi ya mzazi yanayosema ni dawa gani, kiasi gani na saa ngapi. Mtoto aliyechemka hana cha kufanya darasani, arudi nyumbani.

Kisha hesabu vichwa. Wanapoingia, wanaporudi kutoka nje, kabla ya uji, kabla ya kutoka. Mara nne, kwa kidole, kwa sauti. Watoto wangu wenyewe huhesabu pamoja nami, na hilo nalo ni somo.

Daftari la pili, ambalo ndilo kazi yenyewe

Nunua kaunta buku kubwa. Kila mtoto mpe kurasa mbili. Kila siku chagua watoto watano tu wa kuwatazama kwa makusudi, na kila mmoja mwandikie mistari miwili au mitatu. Elimu ilipofanywa bila malipo shule za serikali, Januari 2016, nilipokea watoto 94 kwenye chumba kimoja, wakati uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Hata hao 94, kwa watano kwa siku, nilikuwa nawamaliza wote ndani ya wiki nne.

Sharti ni moja: andika kile ambacho mtu mwingine angekiona akisimama pale pale uliposimama. Ukiandika "mtukutu", umeandika hasira yako. Nilipokuwa nafundishwa chuoni niliandika neno hilo juu ya mtoto mmoja wa darasa la mazoezi. Mkufunzi wangu akalipigia mstari, akaniambia nirudi kesho nimtazame tena. Nikaandika: "Saa nne na dakika kumi, foleni ya uji. Amemsukuma aliye mbele yake mara mbili. Hana kikombe." Nilipofika kwenye neno kikombe ndipo nilipoelewa anachosukumia. Uji ulikuwa haumtoshi aliyechelewa, na asiye na kikombe alisubiri mwenzake amalize amwazime.

Ya Salehe niieleze kwa urefu, ingawa jina hilo si lake. Alikuwa na miaka mitano, analetwa na bibi yake, anakaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri basi. Hasemi. Mwezi wa pili nilimweka mbele ya vifuniko vya chupa nikamwambia, "Nipe vitatu." Akanipa konzi nzima. Nikarudia, akanipa konzi nyingine. Nikaandika, kwa wino: "Hajui kuhesabu hata 3. Mzito."

Jumamosi nilikwenda soko la samaki la Deep Sea kutafuta kitoweo. Nyuma ya meza moja nikamwona bibi, nikamwamkia. Chini ya meza, amechutama juu ya kiroba, Salehe anapanga mafungu ya vibua. Anachukua mmoja mmoja, midomo inacheza: "mwenga, mbiri, tahu, ne, tsano," anasawazisha mikia yote itazame upande mmoja, anaanza fungu jingine. Akaja mteja, akataka mafungu matatu. Lilikuwa elfu moja moja. Akatoa noti ya elfu tano. Bibi mikono imeloa, akamwambia mjukuu kitu kwa Kidigo. Mtoto akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa noti mbili za elfu moja, akamkabidhi mteja. Hakuniangalia, alikuwa kazini.

Jumatatu sikufuta niliyoyaandika. Hili nalo ulishike: daftari la kazi halifutwi wala ukurasa hauchanwi. Nilipitisha mstari mmoja juu ya maneno yale ili yaendelee kusomeka, nikaweka tarehe, nikaandika chini yake: "Anahesabu kwa Kidigo. Anapanga kwa tano tano. Anarudisha chenji. Aliyekosea ni mimi." Kisha nikaanzisha genge kwenye kona ya darasa: kiroba, kopo, noti za kukata kwenye maboksi, na kokoto bapa badala ya vibua. Nikamwambia, "Nipe fungu moja." Akahesabu tano, akazipanga, akaongeza moja. Nikauliza hii ya nini. Hilo ndilo neno lake la kwanza darasani kwangu: "Nyongeza."

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya muhula waulize wazazi maneno kumi ya nyumbani: maji, choo, naumwa, nina njaa, mama, na mengine kama hayo. Kwangu mimi ni Kidigo, Kisambaa, Kizigua. Kwako huenda ni Kigogo au Kisukuma. Kiswahili watakipata, wanakipata haraka kuliko unavyodhani, ila siku ya kwanza mtoto asijikojolee kwa kukosa neno.

Daftari litakuonyesha pia usichokitafuta. Ukikuta umeandika mara tatu kwamba mtoto fulani haitikii akiwa amekupa mgongo, usimwite mkaidi. Mwambie mzazi ampeleke akapimwe masikio.

Siku yenyewe

Kipindi chetu ni dakika 20, na hata hizo ni nyingi kama wamekaa tu. Chora ratiba kwa picha kwenye ubavu wa boksi: mkono unanawa, duara la kukusanyika, kona za kuchezea, uji, mpira, hadithi, mlango. Mtoto anayejua kinachofuata halii sana. Nilikuwa sijui hilo; nilidhani wanalia kwa sababu wamedekezwa.

Wale 94 niliwagawa vikundi vinne, embe, chungwa, papai na nanasi, kila kikundi na utepe wa rangi yake mkononi. Vitambaa alinipa fundi cherehani bure. Mama wawili na bibi mmoja walijitolea kwa zamu. Nusu ya watoto walikuwa nje na msaidizi wakati nusu wako ndani nami, halafu tunabadilishana. Halikuwa darasa zuri, nisikudanganye. Ila hakuna aliyepotea, na kila mtoto alisikia jina lake likitajwa na mtu mzima angalau mara moja kwa siku. Hilo nililihakikisha kwa kuweka alama.

Zana usinunue. Sisi wa pwani tumelijua hili zamani: miaka ya 1980, Mombasa, Bi Swafiya Said alikwenda kwa jamii moja baada ya nyingine mpaka wakakubali kuwa na chekechea ndani ya madrasa, na kazi ile ikavuka kuja Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Walimu wake walifundishia vifuu, makombe, mbegu na magunzi, na mtoto alipanga atakachofanya, akakifanya, kisha akawasimulia wenzake alichofanya. Mimi bado nafuata mpango huo, hasa hapo mwisho pa kusimulia, kwa sababu mtoto anayesimulia jumba lake la vifuu anajifunza lugha kuliko anayekariri a e i o u.

Mambo matatu kuhusu zana, yote nimeyajua kwa kuumia. Vizibo vya soda vigongwe kwa nyundo kingo zilale, vinakata. Kitu kinachoingia mdomoni na kupita kooni, kama kokwa ya ukwaju, kisikae karibu na watoto wa chini ya miaka mitatu. Na betri ndogo za duara kama kifungo, zile za saa, zisiingie kabisa darasani. Mchanga ufunike jioni, la sivyo paka watakutangulia.

Choo na maji tusipoteze muda: kibuyu chirizi (dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu) nje ya choo na kingine karibu na uji, sabuni imefungwa kwa kamba. Kama havipo, hilo ndilo la kumwambia mwalimu mkuu kabla hujaomba rangi za ukutani.

Sauti na fimbo

Mwaka 2011 sauti yangu ilikauka kabisa, wiki mbili nafundisha kwa ishara. Wiki hizo mbili darasa lilitulia kuliko wakati wowote. Nikajiuliza nilikuwa napiga kelele za nini. Siku hizi natumia kayamba. Nikilitikisa taratibu, walio karibu husikia, wananyamaza ili wasikie zaidi, na ukimya unatambaa wenyewe mpaka nyuma.

Mtoto ukimwambia "usikimbie", kinachobaki kichwani ni kukimbia. Mwambie "tembea". Badala ya "usimwage", sema "shika kwa mikono miwili". Na usimwambie kutoka upande wa pili wa chumba. Nenda, piga goti, mguse bega.

Fimbo. Najua ipo, nimeiona nyuma ya kabati za watu. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zenyewe ziliacha kiboko kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na visizidi vinne. Hazikumpa mwalimu wa awali ruhusa ya kutembea na fimbo kwapani kama mchungaji. Mtoto wa miaka minne akipigwa kwa kujikojolea, ataendelea kujikojolea, ila sasa atakuficha. Nami nilipiga mwaka wangu wa kwanza, sitajisafisha hapa. Mtoto niliyempiga alinyoosha mkono mwenyewe kabla sijasema neno. Alikuwa ameshazoea. Sikuishika tena.

Wazazi

Mzazi aliyekuzidi umri mwamkie kwanza, hata kama amekuja na moto. Jambo baya la mtoto usiliseme getini mbele ya wenzake. Muombe msogee pembeni, na anza na ulichoona. "Jana Asha amegawa rangi zake kwa watoto watatu" humfungua mtu masikio. Baada ya hapo ndipo useme la kung'ata.

Utaulizwa swali hili mpaka ustaafu: "Mbona mwanangu anacheza tu? Mtoto wa jirani anaandika mpaka mia." Usimjibu kwa nadharia. Mimi huwaalika wazazi asubuhi moja kila muhula, nawakalisha kwenye viti vidogo, nawapa donge la udongo na vibanio vya nguo. Wafinye, wabane, wararue karatasi kwa mstari ulionyooka. Baada ya dakika kumi vidole vinawauma. Ndipo nasema: mkono wa kushika penseli unatengenezwa hapa. Na akiwepo anayetaka maandishi, ninayo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa miaka mitatu na minne awe kwenye mwendo dakika 180 kwa siku. Baba mmoja alipiga hesabu papo hapo, akasema, "Masaa matatu? Basi huyu wangu amefaulu kwa alama za juu."

Siri, na yale mazito

Unayoyajua kuhusu nyumba za watu hayatoki darasani. Nani anakunywa dawa gani, nani mama yake ameondoka, nani hajalipa mchango wa uji. Hayasemwi kwenye daladala, hayasemwi kwenye kikoba, hata bila jina, kwa sababu Tanga ni ndogo na mtaa wako ni mdogo zaidi. Picha za watoto usiziweke WhatsApp bila ruhusa ya maandishi ya mzazi, na wakiwa hawajavaa vizuri usizipige kabisa. Unapomsaidia mtoto chooni, mlango ubaki wazi kiasi na mwenzako ajue uko huko. Hiyo inamlinda mtoto, nawe inakulinda.

Sasa ule mkwaruzo wa asubuhi. Mmoja ni mkwaruzo. Mara nne ndani ya mwezi, kila mara na maelezo mapya, tena sehemu ambazo mtoto akianguka haziumii, kama mgongoni au ndani ya mapaja: hilo si la kukaa nalo. Usimhoji mtoto kama askari. Mwambie "nieleze", nyamaza, na uandike maneno yake kama yalivyotoka, hata kama ni ya kitoto. Usiyanyooshe yawe ya mtu mzima. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Siku hiyo hiyo mpe taarifa mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, na namba 116 hupigwa bure. Usimwite kwanza yule unayemshuku ili "myamalize kifamilia". Nimewahi kuona shauri likimalizwa kifamilia. Mtoto alihamishiwa mkoa mwingine, na ikaishia hapo.

Na wewe

Dai mkataba. Neno "wito" hutajwa sana siku ya mshahara unapochelewa. Kama huna cheti cha ualimu wa awali, anza kuuliza vyuo sasa, kabla hujachoka. Mimi niliingia nikiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Na mara moja kwa mwezi kakae nyuma ya darasa la mwenzako saa moja, ukiwa na daftari. Utajiona mwenyewe mle.

Novemba, kabla ya kufunga, kila mtoto anayepanda Darasa la Kwanza muandikie mwalimu wake mpya ukurasa mmoja kutoka kwenye kaunta buku: anachokiweza, kinachomtuliza, anachoogopa, lugha ya nyumbani, nani humchukua. Usiweke alama wala nafasi ya darasani.

Wa Salehe ulikuwa mfupi. "Hukaa vizuri akiwa karibu na mlango. Huhesabu kwa mafungu, kisha huongeza moja. Usimkate hiyo moja." Januari mwalimu wa Darasa la Kwanza, kijana kutoka bara, alinifuata na karatasi mkononi. "Mwalimu, shikamoo. Hapa sijaelewa. Mafungu ni nini, na hii moja inatoka wapi?"

Nikamwambia Jumamosi aje na kikapu, tukutane Deep Sea saa moja asubuhi, kabla vibua havijaisha.